Julai ya Baridi na Watoto Watatu, Uthiru

Ndugu zetu wa Mombasa na Kisumu hudhani kwamba tunadeka tunapoilalamikia baridi ya Julai. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Uthiru, upande wa magharibi wa Nairobi, na mwaka uliopita niliamua kuupangia mwezi huo mapema kama ninavyopangia karo ya shule, kwa sababu kitinda mimba wetu alikuwa amefikisha miaka miwili na kifua chake kilikuwa hakijapatana na baridi tangu azaliwe. Ninayaeleza tuliyoyafanya kwa ajili ya akina mama wenzangu wenye watoto wadogo katika nyumba za kupanga, ambao najua kila mwaka hujiuliza swali lile lile: joto litoke wapi?

Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, lakini iko juu sana kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti jua huwa limehamia kaskazini, na upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo inapopanda kuelekea nyanda za juu hupoa, ikawa mawingu mazito ya chini yanayoweza kuufunika mji kutwa nzima bila kuleta mvua ya maana, isipokuwa manyunyu. Usiku vipimo hushuka hadi nyuzi 10 au 12 hivi, na mchana huishia kwenye 21 au 22. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, pale Dagoretti Corner, yako karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulioko Embakasi uko mita 1,600 na kidogo, na tofauti hiyo huonekana hata kwenye kamba za nguo: dada yangu anayeishi Embakasi huanua zake alasiri wakati zangu bado zinadondosha maji. Mtu akizisoma nyuzi hizo akiwa Ulaya ataziona za kawaida. Asichokijua ni kwamba nyumba zetu hazina chochote cha kuzipasha joto, kuta ni za mawe, sakafu ni ya saruji, na jua lenyewe mwezi huo huonekana kwa wastani wa takriban saa nne tu kwa siku, kwa hiyo mara nyingi ndani huwa baridi kuliko nje.

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi Julai nzima. Anatoka Njabini, Kinangop Kusini, ambako alfajiri nyingine majani huamka yamefunikwa na sakitu, ile barafu nyembamba inayounguza viazi shambani kabla havijakomaa. Alilelewa katika baridi kali kuliko yetu, akawalea watoto wake humo, na ninamheshimu kwa hayo. Usiku wa pili baada ya kufika, alipoona watoto wamejikunyata chini ya mablanketi, aliniuliza, "Mwanangu, jiko liko wapi? Nikoleze makaa niwaingizie watoto chumbani, wapate joto kabla ya kulala."

Hapa ndipo palikuwa na ugumu wa mwezi mzima. Kila msimu wa baridi katika nchi hii kuna familia zinazofunga madirisha, zinaingiza jiko la makaa chumbani na hazifungui mlango asubuhi. Nilijua hilo, na nilijua pia kwamba mkaza mwana hamwambii mama wa mume wake "hapana" mbele ya wajukuu kisha akaenda zake kulala. Nilimwomba tuwalaze watoto kwanza, nikamwandalia chai, nikakaa kando yake, na baba watoto akakaa nasi ili maneno yasionekane kuwa yangu peke yangu.

Nilianza na jiko lake mwenyewe. "Mama," nilimwambia, "kule nyumbani jikoni pako pako mbali na vyumba vya kulala, na juu ya ukuta, chini ya mabati, pana nafasi ambayo upepo hupita usiku kucha. Hiki chumba cha watoto kina dirisha moja, na tumelifunga." Kisha nikamweleza kuhusu kaboni monoksidi, hewa inayotoka makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na oksijeni ikakosa pa kukaa. Aliye macho huumwa kichwa, huhisi kichefuchefu na kulegea, naye huenda akapata nguvu za kutoka nje. Aliyelala hulala tu. Jambo lililomgusa zaidi lilikuwa lile la moshi, kwa maana yeye, kama wengi wetu, alifundishwa kwamba makaa yakishakolea na kuwa mekundu huwa yamesafika na yanafaa kuingizwa ndani. Kuisha kwa moshi ni jambo moja, na kuisha kwa hewa hiyo ni jambo jingine kabisa. Hata makaa yaliyofunikwa na jivu, yanayoonekana kama yamekufa, bado huitoa.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Basi likae huko nje, lakini lisikae bure."

Kutokana na neno lake hilo tukapata utaratibu ambao ulitubeba mwezi wote. Kila jioni jiko liliwashwa kwenye veranda ya nyuma, yeye akalisimamia. Juu yake zilipikwa githeri, mifupa ya supu na maharagwe, vyakula vinavyokula gesi nyingi, nao mtungi wetu wa kilo 13 ukadumu zaidi ya nilivyotarajia. Mwisho wa yote iliwekwa sufuria kubwa ya maji, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa joto letu la usiku. Tulinunua chupa za mpira za maji moto, tukawa tunaacha maji yapoe kidogo baada ya kuchemka, tunazijaza, tunakaza vifuniko vizuri, tunazivisha fulana kuukuu na kuziweka vitandani kabla watoto hawajapanda. Ya kitinda mimba niliiondoa mara tu anapoingia kitandani, kwa kuwa ngozi ya mtoto mdogo huungua kwa joto ambalo mtu mzima halioni kuwa kali. Jiko lenyewe halikuvuka kizingiti, hata likiwa na jivu tupu.

Watoto wote watatu tuliwahamishia chumba kimoja pamoja na nyanya yao, wanayemwita shosho, kile ambacho kuta zake hazikabiliani na upande wa upepo. Tulitandika blanketi zito juu ya godoro, chini ya shuka, maana baridi nyingi hupanda kutoka chini na watu hujirundikia mablanketi juu pekee. Dirisha lilibaki wazi kiasi cha upana wa vidole viwili. Najua wapo watakaoshangaa kusikia kwamba niliacha dirisha wazi katika baridi ile, lakini watu wanne wakipumua usiku kucha katika chumba kilichofungwa huacha kuta zimelowa, kuta zilizolowa huota kuvu, na kuvu ni adui wa kifua cha mtoto. Kila adhuhuri, hata kukiwa na mawingu, nilifungua madirisha yote kwa muda, nikafuta pembe za ukuta kwa kitambaa chenye siki.

Pamoja na hayo yote, katikati ya mwezi kitinda mimba aliugua. Alianza na mafua, kikafuata kikohozi, na jioni ya siku ya tatu mwili ukawa wa moto. Niliogopa sana. Nimonia ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi zaidi walio chini ya miaka mitano, na mama hahitaji kusoma popote ili kulijua hilo. Anahitaji tu kuwa amewahi kukaa kwenye benchi la wadi ya watoto mwezi wa Julai.

Kilichonisaidia kilikuwa jambo dogo ambalo nesi mmoja alinifundisha zamani: kuhesabu pumzi. Mtoto anapotulia au anapolala, unaifunua nguo yake kifuani, unatazama kifua kinavyopanda na kushuka, na unahesabu kwa dakika nzima ukiwa umeshika saa, bila kukisia kutokana na nusu dakika. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka kupita kawaida; kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, mpaka ni 40. Wangu alikuwa amelala kwenye mapaja ya shosho wake. Nilihesabu, zikawa 46. Nilihesabu tena, zikawa karibu na hapo hapo. Mama mkwe aliyekuwa akinitazama hakuuliza kitu, alimfunga mjukuu wake mgongoni mwangu kwa leso na kusema, "Nendeni sasa, msingoje kupambazuke. Hawa wengine ninabaki nao."

Katika kituo cha afya walimpima oksijeni kwa kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole, wakaangalia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, wakamsikiliza mapafu. Kifua hakikuwa kinabonyea na oksijeni ilikuwa nzuri, kwa hiyo hatukulazwa. Tulipewa amoksisilini, vile vidonge vinavyoyeyushwa ndani ya maji kidogo, na tukaagizwa kumaliza dozi yote hata akichangamka mapema. Tuliambiwa pia turudi mara moja akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilala usingizi usio wa kawaida. Waliangalia kijitabu chake cha kliniki wakaona alikuwa amepata chanjo zote tatu za kukinga nimonia, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo hiyo ilianza kutolewa Kenya mwaka 2011, na katika vituo vya umma haina malipo; ninawasihi akina mama wasiikose, ingawa, kama nilivyoona kwa macho yangu, haizuii kila aina ya nimonia na haiondoi haja ya kuhesabu pumzi.

Siku za uuguzi zilikuwa za shosho. Alimnywesha maji ya uvuguvugu kijiko kwa kijiko, saa nzima kama ikibidi, na kwa kikohozi alimpa asali kidogo, jambo ambalo sikumzuia kwa sababu mtoto alikuwa amepita mwaka mmoja. Wa chini ya hapo haifai kupewa asali kamwe. Homa ilishuka siku ya pili, na kabla ya juma kwisha mgonjwa alikuwa akiwafuata kaka zake tena.

Kuhusu nguo nitasema machache. Sare zilifuliwa Ijumaa jioni ili zipate siku mbili kambani, zikikamuliwa kwanza ndani ya taulo kavu, na sweta la pili la kila mtoto lilitoka Gikomba, ambako mitumba mizito hupatikana kwa bei ambayo dukani hainunui hata mkono mmoja. Kuoga tulikuhamisha kutoka alfajiri hadi jioni, watoto wanaporudi shuleni, na asubuhi wakawa wananawa uso na miguu tu kwa maji ya moto. Waliondoka saa kumi na mbili na nusu wakiwa wameshiba uji wa wimbi na nduma.

Ninachokikumbuka kwa furaha zaidi ni jioni zenyewe. Miezi mingine kila mtu nyumbani kwetu huwa na pembe yake, mmoja kwenye televisheni, mwingine na simu, baba yao akifika usiku baada ya msongamano wa Waiyaki Way. Julai ile chumba kimoja ndicho kilichokuwa na joto la watu, basi wote wakaingia humo. Kifungua mimba, aliye Gredi ya Saba, alifanya kazi zake za shule juu ya kitanda cha shosho, na shosho akamweleza kuhusu mashamba ya pareto ya Kinangop, jinsi walivyochuma maua kwa mikono wakiwa watoto, vidole vimekufa ganzi, na jinsi mama yake alivyokuwa akiamka usiku kutazama anga: likiwa jeupe lenye nyota nyingi alijua sakitu itashuka, likiwa na mawingu alirudi kulala. Mwanangu aliyaandika hayo kwenye daftari lake bila kuagizwa na mwalimu. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu yote ya ndoa, nilikuwa sijawahi kumsikia mama mkwe akizungumza kuhusu mama yake.

Shule zilipofungwa mwanzoni mwa Agosti alisema ni wakati wa kurudi kutazama viazi vyake. Asubuhi ya kuondoka aliniambia kwamba jirani yake, mjane anayelala na wajukuu wawili, huingiza jiko chumbani kila usiku wa baridi, na kwamba yeye akimkataza hatasikilizwa kwa kuwa ni wa rika moja. Aliniomba nimnunulie chupa mbili za maji moto, kisha akaongeza, "Na uongee naye wewe kwa simu, umwambie vile ulivyoniambia mimi, ukianzia kwenye jikoni pake." Niliongea naye Jumapili iliyofuata, mama mkwe akiwa amekaa kando yake, na Jumatatu nikazituma chupa kwa matatu ya Njabini.