Mikono nyuma

Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Arua, Uganda, na tangu mwaka jana nimepewa pia kazi ya kuwasaidia walimu wenzangu na kompyuta. Tunazo nne katika ofisi ya walimu. Kwa muda mrefu tatu kati yake zilikaa zimefunikwa vitambaa.

Watu husema walimu wakongwe ni wavivu wa kujifunza. Si kweli, na huniuma nikisikia. Mzee wetu wa hisabati hutuma karo ya wajukuu kwa simu kila muhula, namba ya siri iko kichwani. Anachoogopa ni kukwama mbele ya watoto waliozoea kumwona hakosei. Semina ya kwanza tuliyoletewa ilimzidishia hofu hiyo: kijana aliyetufundisha alikuwa akimnyang'anya kila mtu kipanya, anabofya haraka haraka, "Mmeona?", anahamia kwa mwingine. Hakuna aliyeona.

Basi nikajiwekea sharti: nikimsaidia mtu, mikono yangu inakaa nyuma. Mdomo tu ndio unaofanya kazi. Asubuhi ya kwanza mzee alishika kipanya kama ameshika yai, na kila akibofya mara mbili mshale unateleza kabla ya mbofyo wa pili. Dakika kumi zikapita, faili halijafunguka. Nikamwambia, "Mzee, laza kiganja mezani, kidole peke yake ndicho kicheze." Likafunguka. Hakusema neno. Akalifunga, akalifungua tena, mara nne.

Projekta na video niliviacha kwanza. Nilianza na kinachomnyima usingizi: alama za miradi. Katika mtaala mpya ulioanza na kidato cha kwanza mwaka 2020, kazi za mwanafunzi shuleni zinabeba asilimia 20 ya matokeo ya UCE, cheti cha kidato cha nne, na mtihani wa mwisho asilimia 80, na alama hizo za shuleni hupelekwa UNEB, baraza la mitihani la taifa, kwa mtandao. Kwa darasa la wanafunzi 90, daftari na kikokotoo ni kukesha.

Nikamtengenezea jedwali, fomula za wastani nikaziweka mwenyewe. Kesho yake akaja na karatasi mkononi. "Mwalimu, huyu binti wa mwisho mashine imemdhulumu." Alikuwa amepiga hesabu zote upya kwa kalamu! Na kweli, fomula yangu katika mstari ule iliishia mradi wa tatu, ilhali miradi ni minne. Nikamwelekeza pa kubofya, akarekebisha kwa mkono wake. Tangu siku hiyo ananitangulia kufika ofisini.

Ijumaa iliyopita nilimkuta amesimama nyuma ya kiti cha madam wa biolojia. "Panda juu kidogo. Hapo. Sasa bofya."

Mikono yake ilikuwa nyuma.