Siku tatu za kuwafundisha askari kutokuwa na haraka

Kabla sijasimama mbele ya darasa la askari, nilikuwa nimeshawapokea askari wengi mlangoni. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa akili. Kwa miaka kumi na minne, wengi wa wanaoingia wodini kwangu usiku wameletwa na polisi: pingu mikononi, pekupeku, shati limechanika. Kinyongo nilikuwa nacho, sifichi. Kwa hiyo mkuu mmoja wa kituo alipotafuta mtu wa kuwafundisha vijana wake, nilijitolea upesi, nikijua moyoni kwamba naenda kuwasuta.

Asubuhi ya kwanza iliniharibikia. Nilibeba slaidi arobaini na ushee: skizofrenia, sonona, ugonjwa wa hisia mseto, dalili baada ya dalili. Kufika saa nne viti vya nyuma vilikuwa vinasinzia. Ndipo sajenti mmoja, mtu mzima, akanyoosha mkono. "Sista, samahani. Mimi nimefika mlangoni saa nane usiku. Mtu ana kisu, mama yake analia. Nikishajua jina la ugonjwa, nifanye nini?"

Sikuwa na jibu. Nikafunga kompyuta.

Na alisema kweli. Tabia ileile anayoikuta mlangoni inaweza kuletwa na skizofrenia, ulevi, sukari iliyoshuka, kifafa kilichopita punde, au ubongo wa mzee uliochoka. Hata daktari hawezi kupambanua hayo gizani, king'ora kikilia. Kinachowezekana ni kuzifanya dakika za mwanzo zisiue mtu.

Baada ya chai niliwasimulia kisa cha Memphis, Marekani. Mwaka 1987 mama mmoja aliita polisi wamsaidie mwanawe wa miaka 27 aliyekuwa akijikata kwa kisu. Polisi walifika, wakampiga risasi, akafa. Mji ulichafuka, na mwaka 1988 polisi, familia za wagonjwa na wataalamu wa afya ya akili wakaanzisha mafunzo ya saa 40 kwa askari waliojitolea. Mpango huo umeigwa sehemu nyingi tangu hapo.

"Kisu kilikuwa mkononi mwake?" sajenti akauliza.

"Kilikuwa."

"Basi hata mimi ningepiga."

Chumba kilinyamaza. Mwaka mmoja nyuma ningemrukia. Siku ile nilimshukuru, maana kuanzia hapo tulikuwa tunaambiana ukweli. Nilimuuliza: alikuwa anamkata nani? Ukirudi nyuma hatua kumi ukaweka gari katikati yenu, kisu hicho kinakufikiaje? Akacheka. "Sista, kwenye kazi yetu pole pole inakupeleka kaburini." Nikamwambia twende uwanjani tukajaribu.

Tulitumia kisu cha mpira. Wenzake walipima muda ninaouchukua kumfikia nikikimbia kutoka hatua tatu, halafu kutoka kumi, halafu akiwa nyuma ya gari. Sikulazimika kuhubiri tena. Waliona wenyewe kuwa nafasi ndiyo inayompa askari muda, na muda ndio unaompa mgonjwa nafasi ya kupumua. Bila shaka kuna siku mtu anakujia na huna pa kurudi, na siku hiyo utafanya unachoweza. Lakini mara nyingi askari mwenyewe ndiye anayeipunguza nafasi hiyo kwa kusogea.

Maigizo ndiyo yaliyonichekesha na kuniliza. Nilicheza mgonjwa, wawili wakaja. Wote walisema kwa pamoja, mmoja akifoka "Tulia! Tulia!" na mwenzake "Kaa chini!" Katika miaka yangu yote wodini sijaona mtu aliyetulia kwa kufokewa atulie. Tukaanza upya. King'ora kimezimwa. Anayezungumza ni mmoja, wengine kimya. Jina lako kwanza: "Naitwa fulani, nimekuja kukusaidia." Sentensi fupi, kisha ngoja. Kungoja ndiko kulikowashinda; koplo mmoja hakuweza kuvumilia ukimya wa sekunde kumi, nilikuwa nikimhesabia kwa vidole.

Halafu ubishi. Nilipopiga kelele kwamba kuna watu ukutani wanataka kuniua, kijana mmoja akajibu, "Hakuna mtu hapo, acha upuuzi." Mwingine akajaribu kunifurahisha: "Nawaona, nitawakamata." Vyote viwili vibaya: wa kwanza kaniita mwongo, wa pili akigundulika hataaminiwa tena. Tulihangaika mpaka konstebo mmoja wa kike akasema polepole, "Mimi siwaoni. Lakini naona umeogopa sana." Nilisahau kuwa naigiza.

La kujiua tulilipitia kwa ufupi: uliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, mara nyingi humpunguzia mzigo.

Siku ya pili nilileta vipokea sauti vya masikioni. Zoezi lenyewe, la kumwonjesha askari sauti anazosikia mgonjwa kichwani, lilibuniwa na Patricia Deegan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewahi mwenyewe kuugua skizofrenia. Nilirekodi sauti zangu stoo ya wodi: minong'ono, matusi, mtu anayerudia "wanakucheka, usiwape jina lako". Koplo yule asiyejua kungoja alivaa, nikampa fomu ajaze. Nikamwamuru asimame. Hakusimama. Nikamwamuru tena. Mara ya tatu ndipo aliponitazama, jasho likimtiririka.

"Umekaidi amri mara mbili," nikamwambia.

"Sikukusikia, sista."

Hakuna aliyecheka. Hata hivyo zoezi hili nalitumia kwa tahadhari. Linaongeza huruma, lakini linaweza pia kumfanya mtu awaogope wagonjwa zaidi, na askari mwenye hofu ndiye ninayemhofia kuliko wote. Ndiyo maana mara tu baada yake nilimleta mgeni.

Huyo alikuwa mwanamume aliyewahi kulazwa kwetu mara nne, sasa ana kazi na familia. Aliwaeleza jinsi walivyomlaza kifudifudi na mmoja akamkalia mgongoni. "Nilikuwa natafuta hewa. Nikijinasua, wao wanadhani napigana, wanazidi kukandamiza." Hapo niliingilia nikasema tendo hilo linaua, tena haraka: ukishamdhibiti mtu, mgeuze ubavu au mkalishe. Kisha mmoja akamuuliza kama kuna askari aliyewahi kumtendea vizuri. Akafikiri. "Mmoja. Kabla hatujatoka nyumbani aliniuliza kama nataka kuvaa viatu kwanza." Yule sajenti aliandika kitu kwenye daftari lake, mara ya kwanza kwa siku mbili.

Nilidhani tatizo limebaki kwao. Siku ya tatu, nikijiandaa kugawa vyeti, sajenti akanyoosha tena ule mkono wake. "Haya, nimezungumza naye saa nzima, hana pingu, amekubali kuja. Nimefika kwenu. Mnaniweka kwenye benchi kwa saa nne na mgonjwa anachemka upya. Na wenzangu wananingoja doria. Mara ijayo si nitampeleka mahabusu tu?"

Mashavu yalipata moto, maana lile benchi nalijua. Liko nje ya ofisi yangu.

Katika Memphis hospitali iliahidi kutomkataa mtu aliyeletwa na askari na kumpokea upesi. Kipande hicho nilikuwa nimekisimulia kama pambo. Basi wiki zilizofuata niligombana na watu wa upande wangu, na hilo lilikuwa gumu kuliko darasa lolote. Mapokezi walitaka kwanza barua, kwanza ndugu, kwanza kadi. Daktari wa zamu hakutaka kuamshwa. Mwishowe tulipata kengele kwenye mlango wa pembeni, chumba chenye kitanda kimoja, na fomu ya ukurasa mmoja ambayo askari anajaza akiwa amesimama: umemkuta wapi, alisema nini, ameumia, ametumia kitu gani. Mstari wa mwisho niliuongeza mwenyewe: vitu alivyokuja navyo.

Kengele ililia kwa mara ya kwanza usiku wa Jumanne. Sajenti alikabidhi, akatia sahihi, akaondoka ndani ya dakika ishirini. Nilipoketi kusoma fomu, kwenye mstari wangu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa za mtu asiyependa kuandika: VIATU JOZI MOJA, AMEVAA MWENYEWE.