Siku ya kwanza Istanbul tulipanga jambo moja tu

Mara ya mwisho kusafiri pamoja, Dubai, mimi na mume wangu tulinuniana siku ya kwanza tu. Tulitua alfajiri bila kulala, nami nikatoa orodha yangu ya sehemu tano za kutembelea. Kufika jioni miguu imevimba, njaa inauma, hatusemezani. Safari ya Istanbul, Novemba, ilikuwa ya kutimiza miaka 10 ya ndoa, na sikutaka yajirudie.

Tukakubaliana: siku ya kwanza, jambo moja. "Chagua wewe, mama watoto," akaniambia. Nimekulia Kigamboni, shule nilikwenda kwa pantoni, kwa hiyo sikuumiza kichwa. Nikasema tuvuke bahari. Istanbul imekaa juu ya mabara mawili, Ulaya na Asia, katikati unapita mlangobahari wa Bosphorus, na watu wake huenda kazini kwa boti kama sisi tunavyovuka Magogoni.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar iliondoka usiku, tukatua asubuhi. Uzuri wa Uturuki ni kwamba saa zao ni sawa na zetu, hugusi hata saa ya mkononi. Uchovu uliokuwepo ni wa kukosa usingizi tu.

Uwanjani kadi yangu ya benki ilikataa mara mbili kwenye mashine ya kutolea pesa, maana sikuitaarifu benki kwamba nasafiri. Ya mume wangu ikakubali. Tangu hapo nasema wanandoa wasitegemee kadi moja. Kadi ya usafiri ndiyo inatosha moja: inaitwa Istanbulkart, unaigusisha mara mbili, wawili mnapita. Uwanja uko mbali na mji, kwa hiyo tuliacha teksi tukapanda metro hadi Gayrettepe. Pale kuna njia ndefu ya kutembea chini ya ardhi kufuata metro ya pili, na ukiwa na mabegi makubwa utaijua. Lakini ile metro ya pili ilitulipa. Tulikuwa gizani chini kwa chini, ghafla treni ikatokea juu ya daraja, maji ya ghuba ya Haliç yanang'aa pande zote mbili na minara ya misikiti mbele yetu. Mume wangu alinishika mkono bila kusema kitu.

Hoteli yetu ilikuwa Sirkeci, karibu na stesheni ya zamani. Chumba hakikuwa tayari mpaka saa nane mchana. Dubai hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Safari hii tuliacha mabegi mapokezi, tukanawa uso, tukavaa makoti. Ayasofya, jengo la tangu mwaka 537, lilikuwa mwendo wa miguu tu, na nafsi ilinivuta kweli. Nikajizuia. Tukala kwanza supu ya dengu na mkate wa moto, ukikamulia limau, halafu tukashuka gatini Eminönü kwenye boti za kwenda Kadıköy, upande wa Asia.

Kuvuka ni kama dakika 20. Tulikaa nje upande wa nyuma, baridi inapenya mpaka mifupani, tukanunua chai kwenye vile vibilauri vyembamba kiunoni. Wao pia wanaiita çay, unatamka "chai" vilevile. Masikio yangu yakaanza kuokota maneno: saat ni saa, kitap ni kitabu, sabun ni sabuni. Wakikusalimia merhaba, unahisi umewaamkia shikamoo nao wameitikia. Hata Kadıköy maana yake ni kijiji cha kadhi. Ukiitoa chai, ni Kiarabu kilichotukutanisha, wao kwa njia yao na sisi kwa njia yetu ya pwani, na sikutegemea kingenifanya nijisikie nyumbani namna ile. Tulipomaliza kahawa sokoni Kadıköy nilimwambia mhudumu neno moja tu, "hesap", akaleta hesabu yetu.

Tulirudi jua likizama. Kwenye benchi letu alikuwa mzee mmoja akiwarushia shakwe vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Akatutazama, akasema maneno mengi, tukashika moja tu: misafir. "Anasema sisi wasafiri," mume wangu akanong'ona. Jioni mapokezi wakatueleza kwamba kwao misafir ni mgeni. Yule mzee alikuwa ameukata mkate wake katikati, nusu akaniwekea kiganjani. Nilirusha kipande kimoja, shakwe akakidaka hewani. Kilichobaki tulikila wenyewe, tukisikiliza adhana ya magharibi ikianza msikiti huu na kupokewa na ule, mpaka boti ikafunga kamba Eminönü.

Saa mbili usiku tulikuwa tumelala. Ayasofya tuliiona kesho yake.