Siku moja maishani mwangu: dawati la habari za kimataifa

Saa 10:30 alfajiri. Niko kwenye bodaboda, Dar bado imelala. Nahariri habari za kimataifa redioni: nachukua taarifa za mashirika kama Reuters na AFP, nazigeuza Kiswahili cha kusomeka hewani.

Saa 11. Chai ya rangi, kompyuta, vichwa vya habari. Majina ya Kirusi hayanisumbui kama maneno ya Kiingereza strike (mgomo, kugoma), talks (mazungumzo, huzungumza), plan (mpango, kupanga), claim (dai, kudai) na fear (hofu, kuhofu). Kila moja ni nomino na ni kitenzi vilevile, na vichwa vya habari huyaondolea "the" ambayo ingeitambulisha nomino.

Saa 12. Kijana wa fildi amepewa "Teachers strike talks collapse". Ameandika: "Walimu wagoma, mazungumzo yavunjika."

"Dada, si strike ni kugoma?"

Namwambia atafute kitenzi kwanza. Kipo kimoja tu, collapse. Vyote vilivyotangulia ni nomino zilizopanga foleni, nasi tunazisoma kuanzia nyuma: mazungumzo ya mgomo wa walimu yavunjika. Tungetangaza mgomo ambao pengine haujaanza!

Saa 1, taarifa hewani. Imepita salama.

Saa 3. Nasikiliza sauti za wahojiwa. Hapa kuna nafuu, maana record, protest na permit huwekewa mkazo mwanzoni zikiwa nomino, mwishoni zikiwa vitenzi. Maandishi hayana huruma hiyo.

Saa 5, kumetulia. Kijana anauliza Waingereza walifikaje kutumia neno lilelile kama nomino na kitenzi. Kiingereza cha kale kilikuwa na miisho: upendo lufu, kupenda lufian. Miisho ikadondoka karne kwa karne, ikabaki love kwa kazi zote mbili.

"Na jibu je, dada? Hesabu? Dai? Ripoti?"

Kanibana: nayo ni nomino na vitenzi vilevile. Tena nyingi ni za kukopa: hesabu ya Kiarabu, ripoti ya Kiingereza. Lakini kwetu kitenzi hakitoki nje bila viambishi: anajibu, tumehesabu, waliripoti. Labda ukiamrisha tu: "Hesabu!" Hapo hata mimi nitasubiri sentensi iishe.

Saa 8 mchana, makabidhiano. Namwachia mwenzangu kiporo kimoja: "Bank plans cut". Benki yapanga kupunguza kitu, au mipango ya benki yapunguzwa? Habari yenyewe haijaingia. Nimemwambia asiiguse mpaka iingie.