Nilitaka tu wanilaze

Saa hii nimekaa kwenye baraza, shavu iko nzito, nimekatazwa kitu ya moto na yaya, ndugu yangu mkubwa, ameficha hata termosi ya chai, basi acha niandike. Jino imetoka. Ile ya nyuma chini kuume, nililala nayo macho wazi tangu Pasaka nikiidanganya na karafuu na maji ya chumvi.

Kwetu wananijua, mi mwoga wa dantisti. Nikiwa na miaka 9 kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, nilishikwa na watu wawili, mmoja kichwa mmoja miguu, nikalia kwamba sindano haijashika, na yule bwana akavuta hivyo hivyo. Toka siku ile nikifika tu mlangoni kwa mtu wa meno ile harufu inanivunja tumbo, na kumbe harufu yenyewe ni mafuta ya karafuu, wanachanganya kwenye dawa ya kuziba jino. Halafu nyumbani naitia mwenyewe mdomoni! Kichwa ya mtu.

Niko na kaka, mtoto wa baba mudogo, ni muuguzi wa anestezi. Nikamwandikia WhatsApp usiku: kaka, mi nataka anestezi ya mwili muzima, wanilaze, niamke jino haiko. Akanipigia akicheka. "Weye unataka kulala ao unataka kutulia?" Nikanyamaza, juu sikujua kama ni vitu viwili.

Kulala kabisa, akasema, ni mambo ya hospitali kubwa, hukuli toka usiku, mtu wa anestezi anakaa karibu na pumzi yako mwanzo mpaka mwisho, na kwa jino moja ni kama kuita lori ya kubeba mufuko moja ya makaa. Iko nayo sindano ya kwenye mushipa, midazolamu, wanaipima kidogo kidogo wakikuangalia, unabaki unasikia na unajibu lakini kesho yake wengi hawakumbuki kitu, na hapo pia lazima kuwe mtu wa pili wa kukuchunga, oksijeni, na flumazenili karibu, ile dawa ya kurudisha mtu akizidi kusinzia. Iko kidonge. Na iko gesi, ile wanaita gesi ya kucheka, unaivuta na pua pamoja na oksijeni, inashika kwa dakika chache, wakifunga wanakupa oksijeni peke yake kidogo na unatoka na miguu yako (ukiwa na mafua, pua imeziba, haifai kitu).

Hiyo gesi ilininyima usingizi, nikaifuata kwenye simu. Kumbe aliyeileta kwa meno ni dantisti Mmarekani, Horace Wells wa Hartford, Desemba 1844, aliona kwenye maonyesho mtu amevuta gesi akajigonga mguu bila kusikia, na kesho yake akang'olewa jino yake mwenyewe akiwa ameivuta. Mwaka uliofuata akaenda kuonyesha madaktari wakubwa Boston, mgonjwa akalia, watu wakamcheka Wells. Wote wanamsikitikia Wells. Mi nilimsikitikia yule aliyelia.

Lakini kitu iliyonigonga kweli kaka aliisema karibu ya kukata simu, kama kitu ya kupita tu: hakuna moja kati ya hizo, ukitoa kulala kabisa, inayochukua nafasi ya sindano ya ufizi. Kidonge inaua woga, lidokaini, dawa ya ile sindano, njo inaua maumivu. Na lidokaini ikikuta nyama imevimba, iko na usaha, inashika vibaya, juu pale mahali panakuwa na asidi. Nikamuuliza mara mbili. Juu siku ile ya Kadutu shavu yangu ilikuwa imevimba kama mandazi, mama anaisimuliaka mpaka leo. Inawezekana yule bwana alinichoma kweli, vizuri kabisa, na dawa ikashindwa. Miaka yote nimemwita mwongo. Lakini kunishikisha watu, hapo simsamehe.

Basi leo. Dantisti ni mama mmoja wa sauti ya chini, gesi hana, akachagua kidonge, diazepamu. Kwanza maswali: uko na mimba? pumu? unakoroma? unatumia dawa gani zingine, pombe jana? Shavu akaishika, hakuna uvimbe. Kidonge nikameza mbele yake, saa moja kabla, na akanieleza wazi kwamba ikishaingia tumboni si chumvi kwenye sufuria ya kuongeza ukionja. Yaya alipaswa kunisindikiza na kubaki na mimi usiku wa leo, na kurudi ni taksi, pikipiki apana, "utaanguka nyuma kama mufuko". Kidole wakakifunga kamashini ka kupima oksijeni. Halafu akasema: ukiinua mkono wa kushoto nasimama, hata kama ni ya bure.

Niliinua ya bure mara ya kwanza, kumjaribu. Akasimama. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa ya kweli, akaongeza sindano, akangoja. Hapo katikati umeme ukakatika, kamashini kakaendelea na betri, mtu akaleta toroshi, na mi nilikuwa nawasikia wote kama redio ya jirani, naelewa maneno ila hayanihusu. Kusukuma nilisikia. Kuuma apana.

Kurudi sikumbuki vizuri, nakumbuka tu ziwa upande wa dirisha na yaya amenishika mkanda. Jino iko hapa mezani kwenye karatasi, mizizi miwili, mmoja umepinda. Yaya anasema nilipoamka kwenye kiti nilimuuliza yule mama kama bwana wa Kadutu bado anaishi, nikamuuliza mara nne, na yule mama alikuwa anajibu kila mara pole pole kwamba yeye ni wa Uvira, hamjui.