Tumbo Limekuwa Ubao

Neno la kwanza ambalo kaka yangu alinifundisha kwa mikono lilikuwa "ubao". Kiganja cha kushoto unakilaza bapa, halafu unakigonga mara mbili kwa vifundo vya mkono wa kulia. Novemba 2013 alinitamkia neno hilo mbele ya tabibu wa zahanati moja wilayani Urambo. Akaligonga, akaonyesha tumbo lake, akaligonga tena. Mimi sikulitafsiri.

Kaka aliugua uti wa mgongo akiwa na miaka minne, homa ikaondoka na masikio yake. Baba akampeleka Shule ya Viziwi Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1963 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na huko akaokota alama zake, nyingi bwenini kuliko darasani. Kila likizo alirudi na maneno mapya. Mimi ni mdogo kwake kwa miaka sita, na watoto hushika haraka, kwa hiyo nikawa masikio yake kabla sijajua kusoma. Mama alijua "kula", "lala", "njoo" na "nitakuchapa". Yaliyobaki yote yalipitia kwangu: bei ya mbao, ugomvi na wateja wa vitanda, hata barua ya posa iliyokataliwa.

Ukalimani wa nyumbani una ugonjwa wake, nao ni kufupisha. Mtu anaongea kwa mikono dakika tatu, uso mzima ukifanya kazi, halafu anayesubiri anakuuliza, "Anasemaje?" Unamjibu kwa maneno matatu. Mara nyingi hakuna linaloharibika. Kaka alikuwa akiniona nikifupisha na kunikodolea macho, maana midomo aliweza kuihesabu hata asipoisoma.

Alikuwa na homa wiki ya tatu. Alimeza dawa za malaria, akameza za taifodi, akajisikia nafuu akarudi karakana. Jumanne alfajiri alikuwa akipiga randa ubao wa kitanda cha mninga, akaanguka juu ya maranda. Nilimkuta amejikunja, magoti yamegusa kidevu.

Zahanati, tabibu aliniuliza mimi. "Anaumwa nini huyu?"

Kaka akaeleza. Kwamba alikuwa amesimama vizuri, kikaja kitu kama msumari uliopigwa mara moja, hapa, chini ya kitovu upande wa kulia. Kwamba baadaye msumari ukageuka maji ya moto yaliyosambaa tumbo zima. Kwamba sasa tumbo limekuwa ubao, akigusa anaumia, akivuta pumzi anaumia, gari likiruka shimo anaumia. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni na mtoto wa mtu alikuwa akilia.

"Anasema tumbo linamuuma sana," nikasema.

Tabibu akaandika. Akambonyeza juu juu, akamchoma sindano ya maumivu, akatuambia tukiona halipungui turudi. Kwa saa kadhaa lilipungua kweli, hata akanionyesha dole gumba. Simlaumu tabibu kama ninavyojilaumu mimi. Nilimpa maneno matatu, naye akatibu maneno matatu.

Alhamisi jioni, baada ya kutapika kijani usiku kucha, tulikodi gari hadi Tabora mjini, kilomita zipatazo 90, mvua za kwanza zikiwa zimegeuza vumbi kuwa utelezi. Katika hospitali kubwa tuliyofikia, daktari wa upasuaji alimlaza chali, akaweka mkono tumboni mwake taratibu kama mtu anayepapasa kitambaa. Akamgeukia kijana wa mafunzo aliyesimama kando yake.

"Shika hapa. Unaona? Limekaza kama ubao."

Nikatoka nje. Nilisema naenda kununua maji. Nilisimama chini ya mwembe wa uani, maembe mabichi yameangushwa na mvua, nikashindwa hata kulia. Neno lile lile, herufi kwa herufi. Kaka alilisema siku mbili kabla, na lingemwambia tabibu yeyote aliyesoma kwamba utumbo umetoboka.

Niliporudi picha ya eksirei ilikuwa tayari, ikaonyesha hewa mahali ambapo haitakiwi kuwapo. Daktari akanieleza kwamba taifodi inapoachiwa inachimba vidonda kwenye utumbo mdogo, karibu na mwisho wake, na mara nyingi wiki ya tatu ndipo kidonda kinatoboka. Uchafu ulikuwa umemwagika tumboni kwa siku mbili. Watamfungua usiku huo huo. Na huenda, akasema, wakalazimika kuutoa utumbo nje kwa muda, awe anajisaidia kwenye mfuko tumboni, hadi miezi mitatu hivi ndipo waurudishe.

"Mweleze vizuri," akasema. "Yote."

Nikamgeukia kaka. Macho yake yalikuwa yamezama, midomo imekauka hadi imepasuka. Nikamwambia kwa mikono: watakupasua, utalala, utaamka umepona. Mfuko sikuutaja. Niliogopa atakataa, na nikajiambia nitamweleza baadaye, akishapona, kana kwamba mfuko ni kitu cha kusubiri kuelezwa.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amekubali?"

Kaka akatikisa kichwa kukubali, maana alimwona daktari akimtazama. Sista akanisogezea fomu mimi. "Ndugu wa mgonjwa, sahihi hapa." Kaka anajua kuandika jina lake, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, wa mtu aliyezoea penseli ya kupimia mbao. Hakuna aliyemuuliza. Nikasaini.

Wodi ya wanaume hairuhusu mwanamke kulala, kwa hiyo usiku ule alibaki binamu yetu, ambaye alama anazozijua ni za kuagiza bia. Asubuhi nilipoingia nilimkuta kaka amefungwa. Mkono wa kulia ulikuwa na kanula, imezungushiwa plasta na kipande cha boksi ili asikunje kiganja. Wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa bendeji kwenye chuma cha kitanda. Mpira umepita puani, mwingine wa mkojo unaning'inia. Macho yalikuwa wazi, yakizunguka chumba. Aliponiona, vidole vitano vilivyokuwa huru kwenye ile bendeji vikaanza kuhangaika, kama kuku aliyefungwa miguu.

"Alikuwa anang'oa mpira wa puani," sista akaniambia. Alikuwa peke yake usiku mzima, na vitanda sijui vingapi, vingine vina wagonjwa wawili wawili. "Nilimwambia atulie, hataki. Halafu anapiga chuma cha kitanda, anaamsha watu."

"Sista, mikono ndiyo mdomo wake. Na kile chuma ndiyo namna yake ya kuita."

Alinyamaza. Nadhani hakuwa amewahi kulifikiria hivyo, na kwa nini angelifikiria? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilikuwa imepitishwa tangu 2010, ila kutoka Dodoma hadi kitanda cha mtu ni mbali. Kwenye kikadi kilichoning'inia miguuni mwa kitanda mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: BUBU.

Sista aliifungua ile bendeji kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye, dripu ilipoisha, alihamisha kanula ikawa mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Alihangaika sana kuupata mshipa, na kaka alimvumilia. Alipomaliza, kaka akaomba kalamu. Akakata neno BUBU kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika chini yake KIZIWI.

Mchana dawa za usingizi zilikuwa zimeisha mwilini. Mkono wake ukashuka tumboni, ukapita juu ya gozi, ukakutana na mfuko. Akaugusa, ulikuwa na joto. Akainua shuka akatazama. Alitazama muda mrefu, kwa jinsi anavyotazama kazi ya fundi mwingine anapotafuta kosa. Kisha akanielekezea kidole, akagusa paji la uso. Ulijua?

Nikatikisa kichwa. Sikujua.

Hakubishana. Jioni daktari alipopita, kaka alichukua boksi la glovu lililokwisha, akalipasua, akaandika ndani yake na kumpa. Daktari akasoma kwa sauti, hana habari anasoma nini: "Dada jua mfuko kabla?" Halafu, kwa upole kabisa, akitikisa kichwa juu na chini ili aeleweke: "Ndiyo, nilimweleza dada yako kabla hatujakupasua."

Kiziwi hana haja ya kukugeuzia mgongo. Akifumba macho, mazungumzo yamekwisha. Kaka alifumba macho kila nilipokaa kwenye lile benchi, siku mbili nzima. Nikawa nakuja, nafua shuka, namwaga mfuko, nampaka zinki pembeni ya kidonda maana kinachotoka kwenye utumbo mdogo kinachoma ngozi kama magadi, naye ameyabana macho kama anayelala juani. Mifuko ya dukani ilikuwa haba na ghali, ikiisha tulibandika ya rambo kwa plasta. Kadi yetu ya mfuko wa afya ya jamii ilikuwa na nguvu wilayani kwetu tu. Kile kitanda cha mninga alichokuwa akikipiga randa nilikiuza hakijamalizika, na hilo pia sikuwa nimemwambia.

Aliyetupatanisha ni ushuzi. Samahani kwa neno, ila sina lingine.

Kila asubuhi sista alipita kitanda kwa kitanda akiwauliza waliopasuliwa tumbo, "Umejamba?" Aliuliza bila haya, kama anayeuliza umeamkaje, maana hewa ikitoka ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka na mgonjwa anaweza kuanza uji. Wazee wazima walijibu kwa unyenyekevu, "Bado, sista." Kaka alikuwa ameuona ule mdomo ukirudia umbo lile lile mbele ya kila mtu, na siku ya tatu udadisi ulimshinda. Akafungua macho, akaniuliza kwa mikono: yule anauliza nini kila siku?

Nikamwambia. Akadhani ninamtania. Nikamwonyesha tena, mashavu nimeyajaza, ngumi nimeipeleka nyuma ya kiuno nikaifungua ghafla. Mzee wa kitanda cha pili aliyekuwa bado hajajaliwa akaangua kicheko huku ameshika mshono, na kaka naye akacheka, machozi yakimtoka kwa maumivu, akinipiga mkono niache. Tangu hapo wodi nzima ikaijua ile alama.

Siku ya kumi aliweza kutembea hadi uani. Tukakaa chini ya mwembe, akanyonya embe dogo, ameruhusiwa kidogo kidogo. Nikamwambia yote. Kitanda nilichouza. Fomu. Na zahanati: kwamba alisema ubao, na mimi nikasema tumbo linauma. Nilirudia alama ile mara mbili ili nisipate pa kujificha.

Alikaa kimya, yaani mikono yake ilikaa magotini. Halafu akainama akanigonga paji la uso kwa vifundo, kama anavyogonga mbao sokoni kabla ya kununua. Sauti haisikii, lakini vifundo humwambia kama ndani pana uoza. Akagonga tena, akasikiliza kwa mkono. Kisha akaniambia: ubao mbovu. Akarudi kwenye embe lake.

Februari 2014 tulirudi kuurudisha utumbo. Kabla daktari hajafungua mdomo, kaka alinikalisha pembeni, si katikati, ili wao wawili watazamane. Akauliza maswali saba, nami nikayatoa yote saba kwa urefu wake, hata lile la kama mshono utastahimili kubeba magogo ya mninga, ambalo najua daktari aliliona la kuchekesha. Kila nilipomaliza kaka alinitazama midomo, kisha akatazama saa ya ukutani. Fomu ilipokuja aliishika yeye, akasaini kwa herufi zake zilizonyooka, akapiga mstari chini.

Siku ya tatu baada ya upasuaji ule nilichelewa. Gari la kutoka kwa shangazi yangu lilikwama, nikaingia wodini saa tatu na chupa ya uji mkononi, nikihema, nikijiandaa kumuulizia lile swali. Yule yule sista alikuwa akikunja shuka ya kitanda cha jirani.

"Usihangaike, dada," akasema bila kugeuka. "Ameshaniambia mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri. Nimeshaandika."

Akaweka shuka chini, akajaza mashavu, akapeleka ngumi yenye glovu nyuma ya kiuno, akaifungua. Kaka alikuwa amelala chali, mikono yote miwili huru juu ya blanketi, akinyoosha mmoja kuiomba chupa ya uji.