Jarida la Vigari na Pistoni Iliyolika kwa Mshazari

Kila baada ya miezi miwili mleta barua hunitilia mlangoni bahasha ngumu ya kaki, na watu wa nyumbani kwangu wanajua kuwa jioni hiyo nisisemeshwe. Ndani yake mna jarida la klabu ya wapenzi wa vigari vya zamani: kurasa 32, karatasi ya kung'aa kwenye jalada peke yake, na picha ambazo nyingine zimepigwa gerejini kizani, mpaka inambidi msomaji augeuzegeuze ukurasa ndipo ajue kama anachokitazama ni kabureta au buli la chai. Nimekuwa mwanachama kwa miaka 9, na katika muda huo nimesoma majarida ya magari yaliyo mazuri zaidi kwa sura, lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililowahi kunitengenezea gari.

Gari lenyewe ni Bond Minicar, Mark C ya mwaka 1954, lenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, lililoundwa hapa hapa Preston, Uingereza, ninapoishi. Mimi ni mtu wa Unguja, nimekulia katika gereji ya ami yangu ambaye kazi yake tangu ujana ni Vespa, na ndiyo maana siku mzee mmoja wa jirani aliponifunulia boneti ya kigari hiki sikushangaa kama walivyoshangaa wengine. Injini ni Villiers ya silinda moja, sentimita za ujazo 197, inayochoma petroli iliyochanganywa na oili kama Vespa. Haikufungwa kwenye bodi, bali imebebwa juu ya gurudumu la mbele, inalizungusha kwa mnyororo, na hugeuka pamoja nalo kila unapokata usukani. Gurudumu hilo linageuka nyuzi 90 kila upande, kwa hiyo gari halina gia ya kurudi nyuma na wala haliihitaji sana: ukikata usukani mpaka mwisho, linajizungusha pale pale liliposimama kama pia ya kuchezea. Kukosa gia hiyo kulikuwa na faida yake pia, kwa sababu sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimruhusu mwenye leseni ya pikipiki kuendesha gari la magurudumu matatu, mradi liwe jepesi na lisiweze kurudi nyuma, na kodi yake ya barabara ilikuwa nafuu.

Asiyevijua vigari hivi inatosha aelewe kwamba ni watoto wa dhiki. Baada ya vita kuu ya pili watu wengi wa Ulaya walikuwa na uwezo wa kununua pikipiki lakini hawakuwa na uwezo wa kununua gari, na mvua zilikuwa zinawanyeshea wote sawasawa. Ujerumani, kiwanda cha Messerschmitt cha Regensburg, kilichokuwa kimekatazwa kutengeneza ndege, kilimchukua mhandisi Fritz Fend aliyekuwa ameunda vigari kwa ajili ya askari waliolemazwa vitani, na mwaka 1953 kikatoa KR175, kisha mwaka 1955 KR200, ambamo abiria hukaa nyuma ya dereva kama kwenye pikipiki na paa zima hufunguliwa kwa ubavu. Italia walibuni Isetta yenye mlango mmoja tu, nao uko mbele penye uso wa gari. BMW wakanunua haki za kuiunda, na kuanzia 1955 hadi 1962 wakatoa 161,728. Isetta za Uingereza ziliunganishwa Brighton katika karakana ya zamani ya treni ambayo haikuwa na njia ya magari, kwa hiyo vipande viliingia kwa reli na magari yakatoka kwa reli, jambo ambalo kila nikilikumbuka hucheka peke yangu. Mfereji wa Suez ulipofungwa na petroli ikawa ya mgao nchini Uingereza, kuanzia Desemba 1956 hadi Mei 1957, vigari hivi vikagombewa. Agosti 1959 Mini ikaingia sokoni ikiwa na magurudumu manne na viti vinne kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kujikaza akailipa, na biashara ya vigari ikaanza kufifia.

Kampuni zikafa moja baada ya nyingine. Iliyounda gari langu ilinunuliwa na kampuni ya Reliant mwaka 1969, nayo Reliant ikakifunga kiwanda cha Preston. Tangu hapo mwenye Bond hana wakala, hana duka la vipuri, wala hana wa kumpigia simu. Hapo ndipo jarida linapoingia, na kwa maoni yangu wanaoliita kitu cha kujiburudisha hawajawahi kukwama na gari lisilo na mwenyewe.

Chukua mfano wa mpira wa kioo cha mbele. Hakuna kiwanda kitakachowasha mashine kwa ajili ya mtu mmoja anayetaka mita tatu za mpira wenye umbo la mwaka 1954. Mwanachama mmoja hutuma kipande cha mpira wake mkongwe, mhariri hukipiga picha pamoja na rula, na chini yake huweka fomu ndogo ya kukata kwa mkasi. Matoleo mawili matatu yanapita huku majina yakikusanywa, na siku yanapotosha kulipia kalibu, kazi inafanyika na kila mtu anapelekewa mzigo wake. Mpira nilio nao leo niliungoja kwa mwaka mmoja na nusu, lakini ulipofika uliingia kwenye mfereji wake bila kulazimishwa hata kidogo.

Kurasa ninazozianza mimi ni za mwisho, zile za matangazo madogo, ambazo mtu asiye na gari angeziruka. "Natafuta." "Nauza." "Nabadilisha." Humo mtu hutafuta kifuniko cha taa ya kulia peke yake, na mwingine, katika toleo hilo hilo, anauza cha kushoto peke yake, ukabaki unajiuliza ni ajali gani iliyowagawa. Siku hizi matangazo ya kuuza gari zima yamepungua, na waliobaki wanaandika kwamba bei ni maelewano. Wazee wa klabu hulaumu mnada wa Februari 2013 huko Georgia, Marekani, ulipouzwa mkusanyo wa makumbusho ya Bruce Weiner, ambapo FMR Tg500, yaani nduguye KR200 mwenye magurudumu manne, ilikwenda kwa dola 322,000, na Peel P50, kigari cha Kisiwa cha Man chenye urefu wa sentimita 137 tu, kikapita dola 120,000. Kuanzia hapo kila aliyekuwa na mabaki ya kigari yaliyolaliwa na kuku alijiona ameketi juu ya hazina. Sidhani kwamba mnada ule peke yake ndio ulioharibu bei, lakini sibishani nao.

Kuna pia safu ya masahihisho, na mimi mwenyewe nimo humo. Katika makala yangu ya kwanza niliandika kuwa oili ichanganywe sehemu moja kwa 50 za petroli, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha Vespa nilichokishika tangu utoto, na mkono uliandika kabla akili haijauzuia. Villiers ya umri ule inataka oili zaidi ya mara mbili ya hiyo. Toleo lililofuata lilileta sanduku lenye mistari minene likiwaonya wasomaji, na barua tatu zilizoniuliza kwa adabu kubwa kama kweli ninayo gari.

Makala iliyonivutia kuliko zote ilihusu KR200. Injini yake ni Sachs ya silinda moja, sentimita za ujazo 191, na gari lenyewe lina gia nne za kwenda mbele. Ukitaka kurudi nyuma, unazima injini, unausukuma ufunguo ndani zaidi ya kawaida, unauwasha tena, na injini inazunguka kinyume. Jambo hili linawezekana kwa sababu injini ya aina hii, inayochoma petroli na oili kama Villiers yangu, haina valvu wala mtambo wa kuzifungua kwa zamu. Ni pistoni yenyewe inayofungua na kuziba matundu ubavuni mwa silinda ikipanda na kushuka, na matundu hayajali kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inazungukia wapi. Kinachojali ni cheche, ambayo lazima iruke kabla pistoni haijafika juu, na ukigeuza mzunguko, yale ya kabla yanakuwa ya baada. Kwa hiyo kuna pointi, yaani swichi ndogo za kutoa cheche, jozi mbili, moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, na stata inayoweza kuzungusha pande zote mbili. Gia zikabaki zile zile nne. Maana yake ni kwamba mwenye KR200 anaweza kurudi nyuma kwa gia ya nne akiwa na moyo huo. Mwandishi alichora nyaya zote kwa mkono, akaandika rangi ya kila mmoja, na pembeni akaacha alama ya kidole chenye grisi ambayo mhariri wetu, mama aliyestaafu ualimu, hakuifuta.

Toleo hilo nilimpelekea ami Unguja kupitia mtu aliyekuwa anakwenda likizo. Ami hasomi Kiingereza, lakini mchoro wa nyaya hauna lugha, na nilitaka auone. Baada ya wiki mbili akanipigia simu.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Hii pistoni ya nani?"

Sikuelewa. Nilidhani atazungumzia mambo ya kurudi nyuma. Kumbe alikuwa amefungua ukurasa wa 19, kwenye barua ya mwanachama mmoja mwenye KR200 aliyekuwa analalamika kwamba amebadilisha pistoni mara mbili na zote zimeanza kugonga baada ya safari chache. Alikuwa ameweka picha ya pistoni ya pili na kuuliza kama wasomaji wanafahamu muuzaji wa pistoni zilizo bora zaidi.

"Mwambie asinunue tena," ami akasema. "Itazame vizuri. Kushoto imelika juu, karibu na ringi. Kulia imelika chini, kwenye sketi. Pistoni haina kosa, imeingizwa imeinama. Konrodi yake imepinda." Alimaanisha kile chuma kinachoiunganisha pistoni na kranki.

Nikaitoa nakala yangu, nikaiweka chini ya taa. Ilikuwa hivyo hivyo. Alama mbili za kung'aa, moja juu na moja chini, zikitazamana kwa mshazari, katika picha ambayo mimi nilikuwa nimeipita mara mbili nikiharakia matangazo.

Nikamuuliza mtu anahakikishaje bila kupasua kranki nzima. Akanieleza taratibu, kama alivyokuwa akinieleza nilipokuwa na miaka 12 nikimshikia tochi: silinda itolewe, pini ya pistoni ipitishwe kwenye tundu la juu la konrodi, vipande viwili vya chuma vilivyonyooka na vyenye unene mmoja vilazwe juu ya mdomo wa krankesi, yaani sanduku la kranki, kimoja kila upande wa konrodi, kisha kranki izungushwe kwa mkono polepole mpaka pini ishuke na kuvilalia vile vyuma. Ikivigusa vyote viwili kwa pamoja, konrodi iko sawa. Ikigusa kimoja kwanza, imepinda, na upande ulioacha nafasi ndio unaokuonyesha imepinda kuelekea wapi.

Niliyaandika maneno hayo kwa Kiingereza, safari hii nikiyasoma mara tatu kabla ya kuyatuma, na nikaeleza yametoka kwa nani. Mhariri aliyachapisha pamoja na mchoro wangu, ambao haukuwa mzuri. Jambo lililonigusa ni kwamba ami, kwa miaka yote ya kazi, hajawahi kuandikiwa hata mstari mmoja wa anayoyajua. Vijana aliowafundisha wameyabeba kichwani, wengine wamehamia kwenye bajaji, wengine wako Muscat wanafanya kazi nyingine kabisa, na Vespa anazozitengeneza zina umri unaokaribia ule wa vigari vyetu. Yeye haoni kama ni tatizo. Anasema anayetaka kujua na aje gerejini.

Toleo lililofuata lilileta jibu la mwenye KR200, mistari minne tu. Amefanya kama alivyoelekezwa kwa vipande viwili vya chuma, pini imegusa upande wa kushoto, na upande wa kulia imeacha nafasi ya kupitisha karatasi mbili za kuandikia barua. Ameagiza konrodi. Anamshukuru sana mzee wa Zanzibar.

Nilimpigia ami nikamtafsiria. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mtu huyo ndiye yule mwenye gari la gia nne za kurudi nyuma. Nikamwambia gari ni la aina hiyo hiyo.

"Basi muulize," akasema, "amewahi kurudi nyuma na gia ya nne? Na akirudi, anatazama wapi?"

Swali nimelituma. Mhariri ameniambia litatoka toleo la Agosti.